Kiapo cha Nguva

Mtu wa Kariakoo akikuambia kwamba kaka yangu Fikirini alilala na nguva, muulize kwanza kama nyama ya nguva huyo aliila au hakuila. Aliila. Nyama ile iliisha kabla ya adhuhuri, na waliochelewa walirudi makwao wamenuna. Mimi nilikuwa pale pale sokoni na nazi zangu, nikakiona kila kikapu kilichopita na mwenye kikapu. Kwa hiyo anayetaka kusimulia habari za kaka yangu mbele yangu aanzie hapo, ndipo nitamsikiliza.

Tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati. Kaka na mkewe Sitara walikuwa chumba cha pili, mimi cha tatu, na kama unazijua nyumba zetu unajua kwamba ukuta wa chumba na chumba haufiki kwenye bati. Mtu akipiga chafya huku, wa kule humwombea afya. Chumba cha mbele tulimpangisha Seifu, baharia aliyezunguka dunia na meli za Wagiriki mpaka mgongo ukamkataa. Ng'ambo ya ukumbi alikaa Vitalis, mtu wa Lituhi, huko Ziwa Nyasa, mfanyakazi wa kiwandani na balozi wetu wa nyumba kumi. Soko jipya lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, bado linanuka saruji, na nyama ya ng'ombe ilikuwa ya kupangiwa foleni tangu alfajiri.

Masika ya mwaka ule surua ilituchukulia Zamzam, mtoto pekee wa kaka na Sitara. Alikuwa bado ananyonya. Sitara alilia mpaka sauti ikamkauka, na hata baada ya kuzika maziwa yaliendelea kumtoka, ikabidi wanawake wamfunge kifua kwa kanga, wakaze, wamfungue asubuhi na kumfunga tena. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokaza. Sitaki kuyaeleza zaidi ya hapo.

Kaka hakulia. Mtoto mdogo jeneza lake ni mikono ya mtu, basi alimbeba yeye mwenyewe mpaka makaburini, akashuka yeye mwenyewe kumlaza ndani ya mwanandani, akatoka na udongo magotini. Kila aliyempa pole alimjibu Alhamdulillahi. Wanaume walimsifu, wakasema huyo ndiye mwanamume, hiyo ndiyo subira inayosemwa vitabuni. Mkewe alimtazama na hakumsifu. Siku moja tunaosha vyombo uani akaniambia, "Wifi, kaka yako amekauka kama ng'onda." Nikamjibu kwamba wanaume ndivyo walivyo, hulia ndani kwa ndani. Akasema ya ndani kwa ndani yeye hayaoni, na aliyezaa naye anataka kuyaona.

Tangu hapo chumba cha pili kikawa kimya. Walisalimiana, waliulizana kuhusu mchuzi na mafuta ya taa, basi. Sitara alikuwa akingoja kitu kimoja tu kutoka kwa mumewe, na sisi wote wa nyumba ile tulikijua, ila kaka mwenyewe sijui kama alikijua.

Jioni baada ya alasiri, Seifu alikuwa anakaa barazani anasimulia. Vita hakuvisimulia, wala wanawake wa bandarini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiheshimu. Alisimulia vitu vya majini. Kila bandari aliyotia nanga aliwauliza wenyeji majini kwao kuna nini. Uskoti aliambiwa kuna ziwa lenye mnyama wa shingo ndefu kuliko twiga, na watu wazima wenye kazi zao wanakaa ukingoni na kamera wakimvizia, mwaka hadi mwaka. Ujapani kuna kiumbe wa mtoni, kimo chake cha mtoto, ana kisahani cha maji utosini. Ukikutana naye unamwinamia kwa heshima. Naye, kwa kuwa ana adabu, anakuinamia, yale maji yanamwagika na nguvu zote zinamwishia. Tulicheka, tukasema huko hata mazimwi yana adabu kuliko makarani wa Posta. Kwenye mto mkubwa wa Brazili pomboo hutoka majini usiku wa ngoma amevaa suti nyeupe, anacheza na mabinti, na kofia haivui kwa kuwa utosini ana tundu la kuvutia pumzi.

Vitalis naye akachangia ya kwao, kwamba ziwani kuna mwamba ambao baba yake alipoukaribia aliacha kupiga makasia na kuacha kusema, na ukimuuliza kilichokaa chini yake alikupiga kofi badala ya kukujibu. Sisi wa pwani tulikuwa na chunusi wetu, asiye na suti wala adabu, ambaye kazi yake ni kukuvuta mguu tu. Ilikuwa furaha. Wakati ule furaha ilikuwa haba, na hii haikuhitaji foleni.

Siku moja Seifu akasimulia visiwa vya baridi huko kaskazini, ambako kuna sili, mnyama wa baharini mwenye kichwa cha mviringo na macho ya mtu. Huko mvuvi akimwona sili jike amevua ngozi yake juu ya mwamba, amekuwa mwanamke, basi anaificha ile ngozi na kumwoa. Wanaishi, wanazaa. Lakini siku mwanamke akiiona ngozi yake juu ya dari anaivaa na kurudi baharini. Watu wakatikisa vichwa. Kaka, ambaye kwa kawaida hakuuliza kitu, akauliza, "Na watoto?" Seifu akasema watoto hubaki na baba yao, na hadithi haiwataji tena. Kaka akaguna. Sitara alikuwa mlangoni anapepeta mchele, akaingia ndani.

Kaka alikuwa mwanachama wa ushirika wa wavuvi, yeye na mwenzake Safari wakitumia mashua ya ushirika. Walitega jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa papa. Asubuhi moja nikiwa sokoni nikasikia makelele yanakuja kutoka upande wa Msimbazi. Mkokoteni ulikuwa unasukumwa na wanaume sita, juu yake magunia yaliyolowa, na chini ya magunia nguva. Alikuwa ameshachinjwa ufukweni. Safari alitembea mbele akipungia watu mkono kama bwana harusi. Kaka alitembea nyuma kabisa, nyuma hata ya watoto, na shati lake la kazini lilikuwa limelowa kifuani.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Nguva ana matiti kifuani, mawili, pale pale alipo nayo mwanamke. Kwa hiyo tangu zamani za babu zetu, aliyemkamata nguva hauzi nyama yake mpaka ameshika Msahafu mbele za watu na kuapa. Maneno yenyewe yanajulikana, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Anasema kwamba kiumbe huyu amemwona mnyama, amemshika kama mnyama, wala hakumjua kama mwanamume anavyomjua mwanamke. Akishaapa, nyama ni halali, watu wanachinyanga na kugawana. Ni jambo la dakika moja. Wavuvi huapa huku wananoa visu.

Maalim Jongo aliitwa kutoka msikitini, akaja yadi ya ushirika nyuma ya soko. Kulikuwa na umati. Mwenyekiti wa ushirika alisimama juu ya sanduku akasema kwamba hii ndiyo neema ya kujitegemea, akaambiwa ashuke, watu wana njaa. Kwa kuwa mkono uliomtoa nguva wavuni ulikuwa wa kaka, kaka ndiye aliyesogezwa mbele. Akatawadha, akaweka kiganja juu ya Msahafu. Maalim akamtajia maneno ya mwanzo ili ayafuatishe.

Kaka akasema, "Wallahi, kiumbe huyu nimemwona..."

Akakwama. Maalim alidhani amesahau, akamtajia tena. Kaka alimtazama yule nguva pale juu ya mkokoteni, akautoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye shati.

"Siwezi kuapa, Maalim," akasema.

Ningekuwa na uwezo ningeuziba kila mdomo uliokuwa pale. Kwanza mnong'ono, kisha kicheko cha mwanamke mmoja ambaye nikimtaja wajukuu zake watafadhaika. Maalim akamuuliza kwa upole sababu. Kaka akarudia kwamba hawezi, basi, akapenya katikati ya watu akaenda zake. Kwa desturi nyama ile ilitakiwa ifukiwe. Lakini mwenyekiti akaiangalia nyama, akawaangalia watu, akasema Safari naye alikuwa katika mashua, naye alishika kamba. Safari akaapa kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Visu vikaingia kazini.

Adhuhuri ilipopita nilifunga biashara nikarudi nyumbani. Safari alikuwa ameleta fungu la nyama, haki ya kaka, limefungwa kwenye jani la mgomba, akaliacha mlangoni. Hakuna aliyeligusa. Niliingia chumbani kwangu nikajilaza, na kule ng'ambo ya ukuta nikamsikia Sitara.

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alikuwa anamuuliza mumewe kama mtu anayemuuliza mgonjwa. Alimwambia kwamba yeye anamjua, uchafu huo hakuufanya, na hata watu wote wa Dar es Salaam wakiapa juu ya misahafu yao hatawaamini. Anataka tu kujua kilichomkwamisha, wakiondoe, kesho aende kwa Maalim akaape, yaishe. Nakumbuka nilifarijika. Ilikuwa siku nyingi hajamsemesha kaka maneno mengi kiasi hicho.

"Alikuwa na mtoto," kaka akasema. "Amenasa pezi, nikashuka majini nimlegezee wavu. Mkono wangu ukalowa maziwa, Sitara. Si maji, ni maziwa. Yule mtoto wake yuko pembeni, anamzunguka, anamgusa kwa pua, anaondoka, anarudi. Nikamwambia Safari tumfungue. Safari akasema ushirika una watu wa kulisha. Yule mama akawa anapumua usoni kwangu hivi. Nikamshika kichwa. Nikalia. Nililia mpaka Safari akaogopa, akanivuta shati. Sasa Maalim anataka niape kwamba nimeona mnyama. Nitaapa uongo juu ya kitabu cha Mungu? Sikuona mnyama."

Mimi huku nilikuwa nimeuma kanga yangu. Nilidhani Sitara atamkumbatia. Wallahi nilidhani hivyo, nikawa nangoja kusikia kitanda kikilia kwa uzito wake akisogea.

"Ulilia," Sitara akasema.

"Nililia."

"Machozi yalitoka?"

"Yalitoka."

"Zamzam hukumlilia."

Kaka akasema, "Sikuweza."

"Nguva ukamweza."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kutoka chumba kile kwa siku ile, na hata leo nikiwa peke yangu hunijia masikioni. Baadaye kidogo Sitara alitoka, akalichukua lile fungu la mlangoni, akalipeleka jalalani na kunawa mikono kwa sabuni mara nyingi.

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim Jongo. Nikamsalimia, "Shikamoo Maalim," akaitika, "Marahaba mwanangu," nikamweleza kwamba kaka yangu yuko tayari kuapa lile neno la mwisho, kwamba hakumjua nguva kama mwanamume anavyomjua mwanamke, aape hata mara mia. Lile la mwanzo tu ndilo asamehewe. Maalim alikuwa mtu mwema, alifikiri sana, akasugua ndevu. Akaniambia kiapo hakikatwi vipande kama muwa. Waliokiweka walikiweka kizima, na mtu akianza kuruka neno hili, kesho mwingine ataruka lile. Nikamuuliza, je, kama neno lenyewe ndilo linalomfanya mtu aseme uongo? Akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Mpaka amekufa, Mungu amrehemu, hakunipa jibu.

Mtaani habari zilikuwa zimeshatangulia. Na kilichonichoma ni kwamba hazikuhitaji kutungwa. Seifu alikuwa ameshawatungia bila kujua. Watu walikuwa na pomboo wa suti nyeupe, walikuwa na mwanamke wa sili na ngozi yake darini, kilichobaki ilikuwa kumweka kaka yangu ndani. Wengine walisema alikuwa naye siku nyingi, ndiyo maana hakumlilia mtoto wa nchi kavu, ana wengine chini ya maji. Hilo lilisemwa kwenye foleni ya sukari, nami nikiwa nyuma ya msemaji, na huyo msemaji anakumbuka nilimfanya nini. Wakamwita Mume wa Nguva. Seifu masikini alizunguka nyumba hadi nyumba akieleza kwamba zile ni ngano tu za watu wa baridi, hazina ukweli. Hakuna aliyemsikiliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Jioni akawa anafunga mlango wake mapema, na baraza yetu ikabaki tupu.

Ushirika haukumfukuza kaka. Walimwambia tu apumzike kidogo. Wanaume waliokuwa wakimsifu kwa subira yake siku ya mazishi walianza kubadili njia. Naye hakujitetea. Alikaa uani akifuma nyavu za watu wengine, na Sitara alipika, alifua, alipita mbele yake na nyuma yake, wala hawakugombana hata mara moja. Nilijaribu kila upande. Nilimwambia Sitara kwamba mwanamume akilia kwa nguva huenda analia kwa mwanawe, machozi hayachagui mlango. Akaniambia, "Wifi, mimi nilikuwa mlango. Nilikuwa wazi usiku na mchana."

Habari zilifika Ilala kwa wazazi wa Sitara. Kaka yake mkubwa akaja na wazee wawili, wakamtaka Maalim, wakamtaka na Vitalis kama balozi, kikao kikakaliwa ukumbini kwetu siku ya Ijumaa baada ya sala. Wanaume kwenye viti, Sitara na mimi mkekani karibu na mlango wa chumba. Kaka alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Kila mtu pale alijua kinachotafutwa. Neno moja la mke lingemsafisha mumewe, kwa sababu mke ndiye amjuaye mtu, na hata wale wa foleni ya sukari wasingekuwa na la kusema tena.

Kaka yake Sitara alisema yake kwa hasira, nikamwelewa, maana nami nina kaka. Kisha Maalim akamgeukia Sitara.

"Mwanangu, wewe ndiye unayemjua mumeo. Haya yanayosemwa juu yake ni kweli?"

Sitara aliinamisha kichwa. Maalim akangoja. Akamuuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi. Nje mtu alikuwa anatembeza kahawa, tukazisikia vizuri sana zile kelele za vikombe vyake. Sitara hakujibu. Na kwetu kimya cha mwanamke ni jibu. Siku ya ndoa akinyamaza, amemkubali mume. Siku ya kikao akinyamaza, amelikubali kosa.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilisema pale pale kwamba kaka yangu hana hatia, nimesikia kwa masikio yangu mawili kupitia ukuta ule pale, na Sitara naye anajua. Kaka yake Sitara akasema dada lazima amsemee nduguye. Vitalis akanitetea, akasema dada huyu ana ulimi mkali lakini si mwongo, asikilizwe, na kama mtu huyu hakufanya, basi tuambiwe kwa nini hakuapa. Nikafungua mdomo niwaambie.

"Mdogo wangu Tatu," kaka akasema, "nyamaza. Ya chumbani ni ya chumbani."

Alikuwa anamtazama mkewe. Sijapata kumwona mtu akimtazama mwenzake vile. Alikuwa ameona kwamba Sitara amechagua, naye akamwachia alichochagua. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea baba alipokufa. Nikanyamaza. Talaka ikatolewa pale pale, moja, kwa adabu, na wazee wakaomba dua.

Kaka yake na wale wazee walitangulia na masanduku. Sitara akataka kwenda kwa miguu, nami nikambebea furushi la nguo. Tulipita sokoni, tukapita Gerezani, watu wakimpa pole njia nzima. Wanawake walimshika mikono. Mmoja alimpa chungwa. Walimwambia Mungu atamlipa, atampa mume mwenye kheri, mtu wa watu. Alishukuru kila mmoja. Macho yake yalikuwa makavu.

Tulipokaribia kwao nilisimama. Nikamwambia kwamba nampenda, nitampenda, lakini kabla sijamkabidhi kwa mama yake anijibu. Alikuwa na neno moja mdomoni la kumwokoa mtu asiye na kosa. Kwa nini alilimeza?

Akalizungusha lile chungwa mkononi.

"Wifi," akasema, "wakiamini amelala na nguva, watanionea huruma mimi. Umewaona. Lakini ningewaambia alivyoshika kile kichwa akalia, wangesema masikini Fikirini, kumbe alikuwa na uchungu kiasi kile. Wangekuja mlangoni kumpa pole. Na mimi ningekaa humo ndani nasikiliza." Akatikisa kichwa. "Nilipokuwa na uchungu nilimwomba anigawie wake, hakunigawia. Aliupeleka baharini. Basi na mimi hii huruma siwezi kumgawia. Nimejaribu. Siku nzima ya kikao nilikuwa najaribu."

Nilitaka kumkasirikia, nimezoea kukasirika, ndiyo silaha yangu. Haikuja. Nilimkumbuka akifungwa kifua kwa kanga, kitambaa kikilowa, na kaka ukumbini akiwajibu watu Alhamdulillahi. Nikampa furushi lake. Mama yake alikuwa ameshafungua mlango.

Niliporudi Narung'ombe nilimkuta kaka uani anamenya muhogo. Alikuwa hajawahi kumenya muhogo maishani mwake, anaukata vibaya, nusu anaitupa pamoja na maganda. Hakuinua uso.

"Amefika?"

"Amefika."

"Alilia?"

Ningeweza kumdanganya, nikafikiri ningemsaidia. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshateketea kwa sababu ya mtu aliyekataa kusema uongo, nikaona nisianze mimi.

"Hakulia," nikasema.

"Hata chozi?"

"Hata moja."

Kisu chake kilisimama. Akautazama ule muhogo mkononi mwake.

"Basi na yeye watasema hakunipenda," akasema.

Nikachukua kisu kingine, nikakaa kumsaidia.